Kilo Sabini na Mbili

Bagno Vetrano, Ijumaa, 1 Septemba 1961

Joto, na vumbi mpaka ndani ya kidau cha wino. Kundi la Septemba limeanza kuwasili kunywa maji ya chemchemi yetu ya tiba: wagonjwa wa ini, wa nyongo, na wale wenye matumbo yaliyogoma. Nimeandikisha wageni tangu asubuhi. Mkurugenzi, Bwana Tosatti, alipita nyuma ya kiti changu mara kadhaa, na kila alipopita nilikosea jina la mtu.

Bwana na Bibi Marzocchi wamekuja kama kila mwaka. Bwana Fedele alikuwa mkuu wa stesheni huko Terni, sasa amestaafu. Mwaka jana alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, nikaujaribu mbele ya wageni, nikakaripiwa. Leo nimemtambua kwa kofia yake tu. Uso umekuwa wa manjano, na kola ya shati inazunguka shingo bila kuigusa.

"Mhasibu," akaniambia, maana hapa kila karani huitwa hivyo, "bado hujaoa?"

"Bado, Bwana Mkuu."

"Vizuri. Ngoja ndevu ziote kwanza."

Fosca, mama anayejaza glasi bombani, akadakia kutoka kule kwake: "Huyu? Huyu akimwona msichana anamwomba kitambulisho."

Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuchelewa kidogo.

Jumamosi, 2 Septemba

Siku ya mizani. Wageni wanaipenda kuliko muziki. Mizani yetu ni ile kubwa ya shaba iliyo katikati ya ukumbi wa kunywea maji. Anayepimwa hupanda na kuangalia bustani, na uso wenye namba umegeukia upande wa karani. Karani husoma uzito kwa sauti, na watu hupiga makofi au huguna. Msimu huu karani wa mizani ni mimi.

Kabla ya watu kujaa, Bibi Ersilia, mke wa Bwana Fedele, alikuja kwenye kaunta yangu. Alifunua ratiba ya muziki kana kwamba anatafuta wimbo, akaongea huku ameinamia karatasi.

"Nevio, mwanangu, nisikilize wala usinitazame. Madaktari wa Perugia wameniambia. Krismasi hataiona."

Nilisema, "Ndiyo, Bibi," kama mtu aliyeombwa stempu.

"Yeye anadhani ni ini lilelile la kila mwaka. Asijue. Akipanda mizani, msomee sabini na mbili, uzito wake wa mwaka jana. Hata akipungua vipi, msomee hiyo. Niapie."

Nikaapa. Nusu saa baadaye Bwana Fedele alipanda, kofia mkononi, akitazama bustani. Mshale ulisimama kwenye sitini na tisa.

"Sabini na mbili," nikasoma.

Bibi Ersilia akapiga makofi. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu, 4 Septemba

Joto. Mgeni mmoja alizimia karibu na bendi. Bendi iliendelea.

Jumatano, 6 Septemba

Bwana Tosatti ameniita ofisini. Kumbe Bibi Ersilia alizungumza naye pia.

"Mgonjwa anayekufa ni tangazo baya, Mhasibu. Mgonjwa anayepona ni tangazo zuri. Wewe soma namba nzuri." Akafuta miwani yake. "Mko makarani wawili, na nafasi ya majira ya baridi ni moja. Mtu mwenye mdomo mwepesi hawezi kukaa mahali pa wagonjwa. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilipotoka nilikuta mikono yangu imebana vifungo vya koti kama mtoto anayepelekwa shule.

Jumamosi, 9 Septemba

Sitini na saba. Nikasoma sabini na mbili.

"Mnaona," Bwana Fedele akawaambia waliosimama foleni. "Maji haya yangewekwa kwenye injini, treni zingefika kwa wakati."

Jumapili, 10 Septemba

Nimepanda nyumbani Castelrovo kwa basi la asubuhi. Huku juu hewa ni nyingine, ingawa ukame ni uleule. Shangazi Argia, aliyenilea, alinipitisha kwenye mizabibu kabla hata sijanywa maji. Akatumbua zabibu moja mdomoni, akatema ganda, akatazama anga.

"Bado. Wiki mbili. Mvua ikisubiri, tutapata divai ya kukumbukwa. Isiposubiri, tutapata siki."

Akauliza kuhusu wageni wangu. Kila jioni wale wanaokatazwa divai kule chini hupanda huku kwa siri na kujaza meza za kilabu cha uwanjani. Watu wa Castelrovo huwaita maini matembezini. Lakini Bwana Fedele hakuwa wa kila jioni. Yeye alikuja mara moja kwa mwaka, siku ya mavuno, kwa Shangazi. Mkewe alikwenda kutazama picha za kanisani zilezile, akizitazama kwa muda unaotosha glasi moja kunyweka.

"Na yule mkuu wa stesheni?" Shangazi akauliza. "Mwaka huu atakuja, au amekuwa mtakatifu?"

Nikasema sijui. Baba yangu alipougua tuliambiwa tuseme ni tumbo. Tulisema ni tumbo mpaka siku ya mazishi. Shangazi ndiye aliyetuambia tuseme hivyo, na sikuweza kumuuliza leo kama alifanya vizuri.

Jumanne, 12 Septemba

Joto. Hakuna cha kuandika.

Jumamosi, 16 Septemba

Sitini na tano. Nilisoma ile nyingine. Bibi Ersilia akapiga makofi, akaenda kutafuta viti karibu na bendi. Bwana Fedele hakushuka. Alisimama pale juu ya mizani, mgongo kwangu, akaongea akiwa bado anatazama bustani.

"Mhasibu, Jumamosi ijayo nisomee sabini na tatu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia mizani husoma inavyosoma.

"Mizani ndiyo. Wewe unasoma unavyotaka, na nakushukuru. Nimepima mizigo ya abiria miaka thelathini, kijana. Mkanda wangu umeisha matundu." Akashuka taratibu, akishika nguzo. "Mwezi wa saba nilikwenda kwa daktari wa reli peke yangu. Nikamwambia mimi mjane, sina mtoto, sina ndugu. Akaona hana wa kumwambia isipokuwa mimi. Basi akaniambia."

"Bwana Mkuu..."

"Ersilia hajui. Anaamini haya maji. Usiku analala, na mimi namsikia anavyolala, nafurahi. Mpe sabini na tatu, alale vizuri zaidi. Niapie."

Nimeapa tena. Sijui mtu anaapa vipi mara mbili juu ya jambo moja, lakini nimeapa.

Akaniuliza habari za mavuno. Nikamwambia pengine Jumapili ijayo. Akaisikiliza bendi mpaka ikamaliza wimbo.

"Ninachokitamani ni glasi moja ya shangazi yako. Moja tu. Lakini mtu anayepona haombi divai. Nikimwomba Ersilia, atajua nimekata tamaa, na hapo usingizi umekwisha."

Jumatatu, 18 Septemba

Sikulala. Asubuhi nilijiambia nitamgusia Bibi Ersilia kitu kidogo, kwa mbali tu. Alipokuja kuchukua magazeti nikamuuliza kama mwaka huu watapanda Castelrovo.

Alinishika mkono. Vidole vyake ni vya baridi hata katika joto hili.

"Kila jioni nasubiri aniombe. Akiniomba nampeleka, hata anywe pipa zima, nimshikie na kikombe. Lakini haombi. Na mimi siwezi kumwambia. Miaka ishirini namkataza, leo nimruhusu? Atajua papo hapo."

"Labda, Bibi, yeye mwenyewe..."

"Yeye mwenyewe nini?"

Bwana Tosatti alikuwa amesimama mlangoni, anasoma barometa. Nikasema, "Labda yeye mwenyewe ameizoea miiko."

"Ndiyo," Bibi akasema. "Anataka kupona, maskini."

Ningeweza kumaliza yote kwa sentensi moja. Nimeijaribu hapa chumbani, kwa sauti ndogo: Anajua, Bibi. Ni maneno mawili. Lakini nikiyasema, nimemnyang'anya yule mzee kitu pekee anachodhani amemfanyia mkewe. Na nikimwambia mzee, nimemnyang'anya mke chake. Na kazi yangu imekwisha. Naandika la kazi mwisho, lakini sina hakika ndilo la mwisho kichwani.

Jumatano, 20 Septemba

Nimemwendea daktari wa hapa. Nilimuuliza, kana kwamba ni jambo la ofisi, kama angeweza kumwandikia Bwana Marzocchi glasi moja ya divai nyekundu, kwa ajili ya damu.

Alicheka bila furaha. "Miaka yote namwandikia maji. Nikimwandikia divai leo ni sawa na kumtumia padri. Rudi kwenye kaunta yako, Mhasibu."

Mawingu upande wa magharibi, kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Ijumaa, 22 Septemba

Shangazi amenitumia salamu kwa dereva wa basi: wanavuna Jumapili, mvua iko njiani, nipande na mikono yoyote nitakayoipata.

Ndipo nikapata wazo. Sitasema neno. Nitawaalika tu. Watu hutazama mavuno kila siku, si dhambi wala dawa. Baada ya mavuno kuna chakula, na mezani kwa Shangazi divai haiombwi wala haihitaji ruhusa. Ipo tu, kama chumvi. Atakunywa kwa sababu imo glasini, na hakuna atakayekuwa amesema lolote.

Niliwaalika wote wawili pamoja, mbele ya Fosca. Walikubali kwa haraka mno, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

"Mimi sialikwi?" Fosca akauliza. "Au mnaogopa nitakanyaga zabibu zigeuke maji ya kuharisha?"

Nina furaha. Naiandika ili nikumbuke kwamba ilikuwepo.

Jumamosi, 23 Septemba

Sitini na tatu.

"Sabini na tatu," nikasoma, na ukumbi mzima ukashangilia. Bibi Ersilia alilia, akasema ni machozi ya furaha. Bwana Fedele alinikonyeza kwa jicho la upande wangu. Bibi Ersilia naye, alipomkumbatia mumewe, alinitazama juu ya bega lake na kuinamisha kichwa kunishukuru. Nilikuwa nimesimama kati ya shukrani mbili.

Jumapili, 24 Septemba

Tulipanda na basi la saa tatu. Bwana Fedele alivaa koti lake la stesheni, lililompwaya kama la kuazima. Kwenye kona za mlima Bibi Ersilia alimshika kiwiko na kujifanya ni yeye anayeogopa kuanguka.

Watu wa Castelrovo walikuwa wameshaingia mizabibuni tangu alfajiri, kwa sababu ya anga. Ilikuwa nyeusi nyuma ya mnara, na upepo haukuwepo kabisa. Shangazi alimkalisha mgeni wake kwenye kiti chini ya mtini, akampa kisu na kikapu cha vishada vya kuchambua.

"Kaa hapa, Mkuu. Ukiona treni inapita, nipigie kengele."

"Kwa mwendo wa hawa wavunaji wako," akajibu, "itapita, itarudi, na bado watakuwa mstari wa kwanza."

Wavunaji wakapiga kelele, wakamtupia zabibu. Alizila. Zabibu hazikukatazwa na mtu. Nilimwona akizisukuma mdomoni taratibu, macho amefumba, na Bibi Ersilia akimtazama kutoka mstari wa pili akiwa na mkasi mkononi, hakati chochote.

Chakula kiliwekwa saa saba, nje, kwenye meza ndefu ya mbao. Mkate, maharage, nyama ya bata. Shangazi akazunguka na mtungi wa divai ya mwaka jana. Alijaza glasi ya kila mtu bila kuuliza, kama nilivyojua atafanya, na alipofika kwa Bwana Fedele akajaza mpaka ukingoni.

Nilikuwa nimekaa mbele yao. Nilikuwa naomba, ikiwa kuomba ni kutazama glasi.

Bwana Fedele hakuigusa. Alimtazama mkewe kidogo, kwa pembeni. Bibi Ersilia aliuona mtazamo ule, na mimi nilimwona akiuona. Alikuwa mwekundu shingoni. Nilijua anachokifikiri: akinyamaza tu, mumewe atajiuliza kwa nini leo amenyamaza.

"Fedele," akasema, na sauti ilikuwa ileile ya miaka yote, "usifikiri sijaiona hiyo. Unaendelea vizuri hivi, unataka kuharibu?"

Nilimtazama Bwana Fedele. Angeweza kucheka na kuinywa. Mwaka jana angefanya hivyo. Lakini nilijua na yeye anachokifikiri. Aliweka kiganja juu ya glasi, akaifunika.

"Nani anataka divai?" akasema. "Mimi ni mtu wa maji. Kilo sabini na tatu, muulize Mhasibu."

"Haya basi," Shangazi akasema. "Mezani kwangu hajawahi mtu kukataa, ila punda wa padri. Na huyo alikufa kwa kiu."

Meza nzima ikacheka. Wote wawili walicheka. Kisha Shangazi akanigeukia: "Na wewe umefungua mdomo wa nini? Sema, au weka mkate humo."

Mdomo wangu ulikuwa wazi kweli. Maneno yalikuwa pale, yote mawili. Bwana Fedele alinitazama, na Bibi Ersilia alinitazama, na macho yao yalisema kitu kimoja: uliapa.

Nikaweka mkate.

Mvua ikaanza wakati huohuo, matone mazito, na mtu akapiga kelele kuhusu vikapu. Tulikimbia wote kufunika zabibu kwa maturubali. Bibi Ersilia alimwingiza mumewe jikoni. Nilipogeuka nyuma, meza ilikuwa tupu, na glasi yake ilikuwa palepale, imejaa, inapigwa na mvua, ikimwagika ukingoni nyekundu, kisha nyekundu kidogo, kisha karibu maji.

Jumatatu, 25 Septemba

Mvua.

Jumanne, 26 Septemba

Mvua. Nusu ya zabibu za Shangazi zilibaki shambani.

Alhamisi, 28 Septemba

Mvua. Bwana Fedele hajashuka ukumbini tangu Jumapili. Fosca anamjazia glasi na kuifunika kwa sahani, na mimi naipeleka nyumba ya wageni wanakokaa. Leo alisema, "Mpe, mwambie nimeitia sukari." Hajaitia kitu. Hakufanya mzaha mwingine.

Jumamosi, 30 Septemba

Bwana Fedele hakuweza kuja kwenye mizani, basi nilimpelekea maji yake. Mkewe alikuwa ametoka kununua limau. Mzee alinionyesha kwa kidole nikae kitandani.

"Ulimwona Jumapili alivyonizuia?" Alikuwa anatabasamu, na meno yalionekana mengi kuliko zamani. "Kama kila mwaka. Hajui kitu. Nilikuwa naogopa ataniachia ninywe. Angeniachia, ningejua amejua."

"Bwana Mkuu," nikasema, "kama angejua, pengine angependa..."

"Hajui," akasema, kwa upole. "Tumefanikiwa, mimi na wewe. Nisomee leo."

"Hakuna mizani hapa."

"Wewe ulihitaji mizani lini?"

Nikamwambia sabini na nne. Alifumba macho kama alivyofumba chini ya mtini.

Jumanne, 3 Oktoba

Amekufa alfajiri. Bwana Tosatti ameagiza jeneza lipite njia ya nyuma, na bendi ipige kama kawaida.

Alhamisi, 5 Oktoba

Bibi Ersilia alikuja kurudisha glasi ya maji ya mumewe, katika kifuko cha ukili ambacho wageni hubebea glasi zao. Mvua ilikuwa imekatika, na ukumbi ulikuwa na wageni wachache tu. Aliweka glasi juu ya kaunta na hakuiachia.

"Wewe ulikaa naye Jumamosi. Nataka uniambie kweli. Hakujua, eti?"

Wa kwanza niliyemwapia ni yeye, wa pili amezikwa jana. Nilifikiri: sasa. Sasa hakuna wa kumdhuru. Kisha nikaona uso wake, na sikujua tena kudhuru kuko upande gani.

"Hakujua, Bibi."

Alipumua kwa muda mrefu. "Ashukuriwe Mungu. Maana angejua angeniomba ile divai. Pale mezani niliutazama ule mkono wake juu ya glasi. Nilitamani kuuondoa, Nevio. Nilitamani kumnywesha mwenyewe. Lakini nikasema, Ersilia, mwache, bado anaamini."

Akaiachia glasi. Nikaandika kwamba imepokelewa, nzima.

Jumatatu, 16 Oktoba

Baridi asubuhi. Wageni wa mwisho.

Jumanne, 31 Oktoba

Tumefunga msimu. Nimeivika mizani shuka lake. Kabla ya kuivika nilipanda, lakini ukiwa juu huwezi kuona namba, na hapakuwa na mtu wa kunisomea.

Bwana Tosatti ameniambia nafasi ya majira ya baridi ni yangu. "Unajua kunyamaza," akasema, akanipa mkono. "Utafika mbali." Nilishukuru mara mbili.

Castelrovo, Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martino. Leo mapipa yametobolewa kila nyumba, na kijiji kizima kinanuka njugu za kuchoma. Shangazi alinijazia glasi ya kwanza ya divai mpya, ya zile zabibu tulizoziokoa kabla ya mvua, akasimama mbele yangu akifuta mikono kwenye aproni, akisubiri.

"Ni nzuri," nikasema.

Alinitazama, kisha akaitazama glasi.

"Hujaonja bado," akasema.